Upole wa Ngazi ya Saba

Jemeli aliingia kibandani na kikalimani cha baba yake kikiwa ndani ya kikombe cha mchele mkavu.

"Kimetumbukia kwenye josho la kondoo, Mama Wacera," alisema. "Leo siku ya tatu mzee hasikilizani na nusu ya mji. Jana kamjibu jirani kwa mkono, jirani akadhani anafukuzwa."

Gathoni, fundi wa vikalimani, alicheka, akakimimina kifaa mezani pamoja na mchele wake. Kilikuwa kidogo kama harage, cha kuvaliwa nyuma ya sikio, toleo la kwanza kabisa. Jemeli alikuwa akisema lugha ya watu wa mlimani, Gathoni akimsikia kwa lugha ya watu wa ziwani, na wala hawakulifikiria hilo, kama mtu asivyofikiria kope zake.

"Mwambie atulie. Nitampelekea mwenyewe."

Mzee Tanui, baba yake Jemeli, alikuwa rafiki wa Gathoni. Kila wiki alishuka hadi pale kibandani, akaketi kwenye kigoda cha wateja, wakanywa chai ya maziwa mengi na kubishana kuhusu mbegu za viazi. Mgeni asingejua kwamba huyo ndiye aliyemuua Muturi, kaka yake Gathoni.

Hayo yalikuwa ya Mwaka wa Barabara. Ziwa lilikuwa limepanda miaka mitano mfululizo, likameza mashamba, shule na makaburi, na watu wa ziwani wakapanda nalo hadi kwenye ardhi ya watu wa mlimani. Mwanzoni walipokewa. Kisha mvua ikakosa, malisho yakaisha, na barabara zikafungwa kwa magogo. Muturi aliteremshwa kwenye lori la viazi mchana kweupe, akauawa kwa mapanga. Wiki iliyofuata vijana wa ziwani walimfungia Kibet, kitinda mimba wa Tanui, ndani ya ghala la mahindi, wakalitia moto.

Vita vilipokwisha, serikali iliwajengea makazi mapya pale Tarambei, nyumba ya huyu ubavuni mwa nyumba ya yule. Kutaja kabila hadharani kukawa kosa. Watu wakasema "mlimani" na "ziwani," na kila mtu akaelewa. Kisha vikaja vikalimani. Wataalamu walishikilia kwamba kila mtu aseme kwa lugha ya mama yake, maana toba ya lugha ya kuazima haitoki moyoni. Kiswahili kikabaki cha redio na vibao vya barabarani, ndimi zikashika kutu.

Siku ya kikao cha maridhiano Gathoni alisimamishwa uso kwa uso na Tanui, mji mzima ukitazama. Alimwambia aliyokuwa nayo kifuani, naye Tanui akajibu. Jibu hilo Gathoni alilijua kwa moyo. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amelirudia kanisani, kwenye vyama vya akina mama, na mbele ya wageni waliokuja kwa mabasi kujifunza amani ya Tarambei: *Ni kweli, nilimuua ndugu yako. Sina cha kujitetea. Nisamehe ukiweza.* Ndiyo maneno yaliyomvunja. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amesamehe.

Kazi iliyokuwa mezani haikuwa kubwa. Ni kutoa kumbukumbu kwenye kifaa kilicholowa, kuiingiza kwenye kipya, kisha kusikiliza kipande cha kwanza na cha mwisho kuhakikisha hakuna kilichopotea. Ila mashine yake ya kupimia ilikuwa imeungua wiki ile, akawa ameazima kuukuu moja ya hospitalini, aina wanayotumia madaktari. Hiyo hutafsiri neno kwa neno na kuandika kwenye kioo au kusoma kwa sauti, kwa sababu mgonjwa akisema mkojo wake una damu, daktari hapaswi kuambiwa kwamba mgonjwa hajisikii vizuri.

Kipande cha kwanza kilikuwa cha siku ya kikao. Gathoni aliitambua sauti yake mwenyewe, ikitetemeka kwa hasira: "Sikusamehe. Sitakusamehe hata nikifa. Ningetamani uwe wewe ndani ya lile ghala badala ya mwanao."

Alifumba macho kwa aibu. Ndiyo, alisema hivyo. Siku zote alimheshimu mzee kwa jinsi alivyoyapokea maneno yale bila kutikisika.

Kisha ikafuata sauti iliyoingia sikioni mwa Tanui kwa lugha ya mlimani. Kioo kikaandika: *Nimeumia sana. Lakini sina kinyongo nawe. Pole kwa mwanao.*

Mashine imekosea, aliwaza. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Maandishi yakawa yaleyale. Halafu ikaja sauti ya Tanui mwenyewe, mbichi, kama ilivyotoka kinywani: *Sawa, mama, nimesikia. Lakini mimi siombi msamaha. Ndugu yako simjui. Nimeletwa hapa na askari.*

Kikaishia hapo. Hapakuwa na "nilimuua." Hapakuwa na "nisamehe ukiweza."

Gathoni alirudia mara tisa. Mtu alipita nje akamsalimu, hakuitikia. Chai ilimwagika ikafika kwenye mchele, naye akaitazama ikienea kama inayomwagika kwenye meza ya mtu mwingine. Alifungua ukurasa wa mipangilio, ule ambao mafundi hawakuwa na sababu ya kuugusa, na pale chini akaona mstari alioukuta mara elfu moja: UPOLE, 7. Chuoni walifundishwa kuwa huo ni upole wa sauti, ili isikwaruze sikio.

Alivua kikalimani chake mwenyewe. Upole, 7. Akavuta droo ya vifaa vya wateja, akavipima kimoja kimoja. Saba. Saba. Saba.

*

"Nilidhani utakuja mapema zaidi," alisema Dakta Mwanyumba. "Mafundi wawili wa makazi mengine walikwisha kuja."

Alikuwa mtu wa pwani, si wa mlimani wala wa ziwani, na ofisi ya maridhiano alikuwa ameiongoza tangu siku ya kwanza. Hakukana. Hilo ndilo lililomtisha Gathoni: alikuja amejiandaa kubishana, akakuta mlango wazi.

"Maneno yale aliyoniambia," Gathoni alisema, "yalitoka wapi?"

"Kwenye faili. Mashahidi watatu walimwona kwenye kizuizi. Mashine ilipewa mafaili ya kesi zote. Kwa kawaida hulainisha tu, huondoa tusi, huongeza tafadhali. Siku ya vikao tuliiruhusu ijazie pale ambapo mtu angekwama."

"Hakukwama. Alikataa."

"Ndiyo. Alikataa."

"Na mimi pia nilikataa! Nilimwambia sitamsamehe, mkamwambia sina kinyongo! Dakta, mimi nimesimama mbele ya watoto wa shule nikawaambia mtu huyu aliungama. Nimekula kwake. Nimekuwa nikimwombea!"

Dakta alivua miwani, akaiweka mezani. "Mama Wacera, kabla ya Tarambei tulijaribu makazi mengine mawili. Ya kwanza tuliyawekea upole sifuri: kila neno lilifika kama lilivyotoka. Siku ya arobaini walizikwa watu kumi na mmoja. Ya pili tukayawekea nne. Walizikwa watatu. Hapa tukaweka saba. Miaka kumi na miwili hajazikwa hata mmoja kwa ajili ya upande wake. Ungekuwa mimi ungechagua namba gani?"

Kilichomshtua Gathoni ni kwamba sehemu fulani ndani yake ilikwisha kuhesabu wale kumi na mmoja.

"Ningechagua kuulizwa," alisema.

"Anayeulizwa hukataa."

"Basi angekataa kwa kinywa chake!"

Dakta hakumzuia alipoinuka. Alimwambia tu kwamba hakuna sheria ya kumfunga mdomo. "Lakini kabla hujauambia mji, mwambie mtu mmoja kwanza. Uone inavyokuwa."

*

Tanui alikuwa uani akinoa mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Alipomwona Gathoni na mashine ya hospitali mkononi alitabasamu, akaonyesha sikio lake lililo tupu na kuinua mabega. Gathoni alivua cha kwake, akakitia mfukoni. Jemeli akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

"Mzee, leo tutasema Kiswahili," Gathoni alisema.

Tanui alishangaa. Aliitafuta lugha hiyo kama mtu anayepapasa ndani ya gunia. "Kiswahili? Yangu kidogo tu. Ya soko."

"Ya soko itatosha. Lakini kwanza sikiliza. Haya ndiyo niliyokuambia siku ya kikao. Uliyosikia wewe si yangu."

Akaiwasha. Sauti yake ya miaka kumi na miwili iliyopita ikasikika, kisha mashine ikaisoma kwa lugha ya mlimani, neno kwa neno, bila hisia yoyote, kama karani anayesoma majina. Jemeli alijiziba mdomo. Mkasi mkononi mwa Tanui ulishuka polepole hadi ukagusa ardhi.

"Hii wewe nasema?" aliuliza. "Ghala? Mimi kwa ghala?"

"Nilisema."

"Mimi nasikia wewe hapana kinyongo. Mimi nalala usiku sababu ya hiyo maneno, Gathoni. Miaka yote. Mke yangu nakufa, mimi naambia yeye, yule mama wa ziwani nasema hapana kinyongo."

"Na mimi nilisikia wewe umeungama. Mzee, uliungama?"

Kuku walipita kati yao. Jemeli alisema neno kwa lugha yao, lenye ukali, naye Tanui akamnyamazisha kwa kiganja.

"Mimi nasimamisha lori," alisema. "Naweka gogo. Panga hapana shika. Vijana ndio shika. Mimi naangalia." Kisha akainua macho, na Gathoni akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika uso ule. "Na Kibet yangu? Wewe najua nani nachoma Kibet?"

Swali hilo Gathoni hakuwahi kuulizwa. Katika vikao vyote na hotuba zote, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Huenda Tanui alikwisha kuuliza mara nyingi, likamfikia kama habari za hali ya hewa.

"Nilijua wanakwenda," alijibu. "Walikuja kwangu jioni, saba, wananuka petroli. Muturi alikuwa hajatimiza wiki kaburini. Niliwasongea ugali. Walikula wakashiba, nikawaombea kwa Mungu, wakaondoka."

"Wewe napikia wao."

"Niliwapikia."

Tanui aliinuka. Alikuwa mzee mrefu na alichukua muda kusimama sawasawa. Jemeli alimshika mkono, kwa hofu, maana mkasi ulikuwa bado kwenye mkono mwingine. Lakini aliudondosha.

"Toka," alisema. "Toka kwangu. Chai yako mimi nakunywa miaka kumi na mbili. Toka!"

Gathoni alitoka. Kikalimani alikiacha mfukoni njia nzima.

*

Alikaa ndani siku mbili akingojea moshi. Alijua jinsi unavyoanza: mwembamba, upande mmoja, halafu kengele. Siku ya tatu moshi ulikuwa bado haujaonekana, akaenda kibandani na kubandika tangazo kwa lugha zote mbili: *Kuanzia leo, anayetaka kusikia maneno kama yanavyosemwa, alete kikalimani chake.*

Alitarajia watu waje mbio kuuliza maana yake. Watu walipita, wakasoma, wakaendelea na safari. Hakuna aliyeuliza. Kufikia saa nne hakuweza kungoja zaidi, akamwita Wamaitha, muuza mboga wa ziwani aliyekuwa na meza mkabala na yake.

"Umelisoma?"

"Nimelisoma."

"Na hushangai?"

Wamaitha alinyunyizia sukuma zake maji kabla ya kujibu. "Gathoni, mimi nina macho. Yule jirani yangu wa mlimani, mwaka wa kwanza, alinitemea mate miguuni huku kifaa kikiniambia 'umeamkaje, mpenzi.' Mtu ametoa mishipa ya shingo, anasema maneno dakika nzima, mimi nasikia 'karibu.' Ulidhani naamini?"

"Mlijua?"

"Nani hakujua? Wao wanajua. Sisi tunajua. Yule mwenye maziwa anajua, muulize."

Mwenye maziwa, Kosgei wa mlimani, alikuwa akipakua madumu yake hatua chache kutoka pale. Alitazama tangazo, akatazama pembeni. "Na mimi nitakileta," alisema, "lakini si mwaka huu. Labda wazee wakishaondoka."

Gathoni aliwageukia wote wawili. "Mbona hamkusema?"

"Tuseme nini?" Wamaitha alishusha sauti, na sasa hapakuwa na mzaha. "Nina wajukuu wawili ambao hawajawahi kuona nyumba ikiungua. Huo uongo nauvaa kila asubuhi kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna anayenishikia. Yule jirani naye anauvaa. Siku hizi hatemi mate. Mwaka jana nilipougua aliniletea uji, na uji hautafsiriwi. Nyinyi mnataka tupendane. Sisi tulitaka tu kulala."

"Na mimi? Nilipokuwa nahubiri mbele ya wale wageni, mlikuwa mnanicheka?"

"Hatukucheka. Mwanzoni tulidhani unajua, unaigiza kwa faida yetu. Kisha tukaona unaamini kweli." Wamaitha alipangusa mikono kwenye aproni. "Nani angekuwa na moyo wa kukuambia?"

*

Tanui alikuja asubuhi iliyofuata, kabla mji haujachangamka. Hakuketi kwenye kigoda. Alisimama mlangoni, akanyoosha mkono na kukionyesha kile kikalimani kipya kilichokuwa mezani, ambacho Gathoni hakuwa amempelekea.

"Weka sifuri," alisema. "Yangu na yako."

"Mzee, yale tuliyosema siku ile yalitosha."

"Hapana tosha. Kiswahili yangu ndogo. Siku ile natosha kudanganya tu."

Gathoni alimtazama. Angeweza kusema kifaa hakijawa tayari. Angeweza kuandika sifuri kwenye kioo na kuacha saba ndani, na mzee asingejua. Mji mzima ulikuwa umeishi hivyo, na wajukuu walikuwa hai. Kidole chake kilikaa juu ya ile namba kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Kisha akaishusha hadi mwisho, kwenye chake, halafu kwenye cha Tanui, akavaa chake na kumfungia mzee cha kwake nyuma ya sikio.

Tanui alianza kusema kwa lugha ya mama yake. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Gathoni alikuwa amezoea mzee mpole mwenye maneno machache. Huyu aliyekuwa sikioni mwake sasa alikuwa na maneno makavu, yenye kingo, yaliyokuja bila kusita.

"Nilikwambia sikushika panga. Nilishika. Pigo la kwanza lilikuwa langu, vijana walinifuata. Ndugu yako alinijua, alikuwa amelala kwangu usiku mmoja lori lilipoharibika. Aliniita kwa jina, akaniomba maji. Sikuomba msamaha siku ile kwa sababu ningeanza kuomba nisingejua pa kukomea. Ulipoonekana kunisamehe bila kuombwa nilikudharau kidogo, halafu nikakupenda. Sasa najua uliwapikia waliomchoma mwanangu, nakuchukia, na bado leo nimeamka nikitaka kuja hapa kunywa chai. Sijui nifanye nini na hayo yote. Ndiyo niliyonayo."

Nje, Wamaitha alikuwa amesimama na fungu la mboga mkononi, hajaliweka mezani.

Maji, Gathoni alikuwa akiwaza. Aliomba maji. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa na Muturi mmoja, aliyekufa haraka, mbele ya mtu aliyejuta. Mashine ilimpa huyo. Sasa alikuwa na mwingine, mwenye kiu, aliyemwita muuaji wake kwa jina. Ghadhabu ilimpanda kama ya siku ile ya kikao, nzima, haijapungua hata punje, na ndani yake, jambo lililomtisha kuliko yote, kulikuwa na nafuu.

"Unaweza kunifukuza," Tanui alisema. "Mimi nilikufukuza."

Gathoni alijivutia kiti, akakaa. Kisha akavuta kile cha wateja na kukisogeza kwa mguu hadi mbele ya mzee.

"Rudia," alisema, kwa lugha ya mama yake, akijua kwamba litafika kama lilivyo. "Anzia pale lori liliposimama. Polepole, na usiruke kitu. Ukimaliza nitakuambia na mimi habari za wale saba, mmoja mmoja, na majina yao."

Tanui akaketi, akaanza upya.